Dakika Saba za Umm Nakhla

Mabrouka Dhifallah alipiga simu saa tatu na dakika kumi asubuhi, Jumanne, tarehe kumi na nane Machi, na hakusalimu.

"Nani kati yenu aliyesema sisi watu wa Umm Nakhla tumeridhika na maji yetu?"

Jalila Ghodbane, mkaguzi wa majibu katika ofisi ya utafiti jijini Tunis, akauliza kulikoni. Mabrouka alikuwa muuguzi wa zahanati katika mji huo wa machimbo, kusini-magharibi. Redio ya mkoa ilikuwa imesoma matokeo ya dodoso la mtandaoni: wakazi wanane katika kila kumi wanasema maji ya bomba ni mazuri.

"Dada, mume wangu anasafishwa figo mara tatu kwa wiki. Watoto wa hapa meno yao ni ya kahawia tangu yanapoota. Nimepita nyumba kwa nyumba tangu jana, sijampata hata mmoja aliyesema hivyo. Huo mtambo wa kuchuja maji sasa mnampa nani?"

Mtambo ulikuwa mmoja, miji iliyouomba mitatu, na kamati ya wafadhili ingekaa Alhamisi saa nne asubuhi kuamua kwa majibu ya dodoso. Jalila akafungua faili.

Ijumaa jioni Umm Nakhla ilikuwa na majibu tisini na manne kutoka kaya mia nane na arobaini. Jumatatu asubuhi yalikuwa mia tano na sita. Mkataba wa ofisi na wafadhili ulitaka asilimia sitini ya kaya zijibu, na mji ulikuwa umevuka kiwango hicho kwa kaya mbili. Bahati ya namna hiyo Jalila asingeiamini hata kwa ndugu yake.

Aliyeghushi aliijua kazi. Kila jibu lilionekana limetoka kwenye simu tofauti. Swali la mtego, lile linalosema "hapa chagua jibu la nne" ili kumnasa asiyesoma, wote walilivuka salama. Ila hao mia nne na kumi na wawili wapya, bila kubakiza hata mmoja, walisema maji ni mazuri.

Akapanga saa za majibu. Jumamosi na Jumapili yalimiminika kutwa nzima, moja kila baada ya dakika mbili hivi, yakakatika mara moja tu kila siku: kuanzia saa kumi na mbili na dakika ishirini na nane jioni hadi kumi na mbili na dakika arobaini. Ilikuwa Ramadhani, watu walikuwa wanafuturu. Jalila akalipita hilo bila kulitazama mara mbili, na baadaye alijilaumu.

Orodha ya viungo vya mtandaoni, ambavyo kila kaya ilifungulia dodoso lake, walikuwa nayo watu watatu. Wa kwanza ni Nizar, muuza simu wa Umm Nakhla aliyewatumia wakazi dodoso. Jalila alimpigia saa tano.

"Nizar, Jumamosi jioni ulikuwa wapi?"

"Shangazi, hata polisi huanza na salamu."

"Umewajazia watu mia nne majibu?"

"Mia nne? La kwangu mwenyewe sijalimaliza. Maswali arobaini na saba, shangazi. Ukifika la thelathini simu imezima. Mtaani wananitukana, wanadhani nimeyatunga mimi."

"Kuna mtu kayajaza kutwa nzima, akanyamaza saa kumi na mbili na dakika ishirini na nane tu."

Nizar akacheka. "Basi si wa huku. Saa hiyo sisi bado tunakodolea macho bakuli la supu. Adhana yetu ni kumi na mbili na dakika thelathini na tano. Nyie wa Tunis mnakula kwanza, kama kawaida yenu."

Jalila akatazama kalenda ya Ramadhani iliyobandikwa ukutani. Adhana ya magharibi, Tunis, Jumamosi: kumi na mbili na dakika ishirini na nane.

Wa pili alikuwa Mondher, mkurugenzi, na mkataba ulikuwa wake. Jalila alimkuta saa saba akila nyuma ya mlango uliofungwa. Kisukari kilimzuia kufunga.

"Tumezipata asilimia sitini, nawe unataka kuzipunguza?" alisema Mondher. "Una akili wewe?"

"Jumamosi na Jumapili ulikuwa hapa?"

"Nilikuwa Kairouan kwa mkwe wangu. Muulize, maana hajaacha kulalamika nilivyokula."

Jalila akashuka chini kwa mlinzi, ami Bechir, akamuuliza nani alikuja mwisho wa wiki.

"Rached, siku zote mbili," alisema mzee. "Maskini, anajituma. Tulifuturu pamoja pale ngazini. Tende tatu, bilauri ya maziwa mgando, akasali, akapanda tena juu. Hata supu hakungoja."

Rached ndiye aliyekuwa wa tatu. Yeye ndiye aliyemfundisha Jalila kazi miaka kumi na miwili nyuma, na lile swali la mtego alilitunga yeye.

Saa tisa alasiri Jalila aliingia ofisini kwa Rached, akafunga mlango.

"Kaka Rached, Jumamosi ulifuturia wapi?"

"Nyumbani."

"Ami Bechir anasema ngazini. Dakika kumi na mbili, tende tatu. Majibu ya Umm Nakhla yalikatika dakika hizo hizo. Ungesubiri dakika saba, ukafuturu kwa adhana yao, nisingekujua."

Rached akavua miwani. "Sikuwaza. Adhana ililia, nikala."

"Umefunga, umesali, kisha ukapanda ngazi kusema uongo kwa vinywa vya watu mia nne."

"Mwaka mzima nimemwambia Mondher apunguze maswali. Tisa yanatosha, mtu atajibu akiwa kwenye foleni ya mkate. Akasema wafadhili wanataka arobaini na saba, na asilimia sitini juu yake. Tukikosa, ofisi inafungwa. Watu kumi na sita, Jalila. Na wewe umo."

"Nani kakulipa useme maji ni mazuri? Wenye machimbo?"

"Hakuna."

"Kaka."

"Hakuna aliyenilipa." Akamgeuzia kompyuta. "Tazama swali la kumi na moja. Ukisema maji ni mabaya, yanafunguka mengine thelathini na sita: rangi, harufu, figo, meno. Dakika kumi na moja. Ukisema ni mazuri, dodoso linaishia hapo. Dakika mbili. Nilikuwa na siku mbili tu."

Jalila alishikwa na hasira. Alitamani Rached angekuwa amehongwa. Aliyehongwa angalau huwa amewafikiria watu anaowauza.

Jumatano Rached alifukuzwa na majibu yake yakafutwa. Alhamisi saa sita barua ya kamati ikafika: Umm Nakhla imejibu kwa asilimia kumi na moja, haikufikia kiwango, imeondolewa kwenye orodha. Jalila akampigia Mabrouka mwenyewe.

"Aliyeghushi tumempata."

"Na mtambo?"

"Mmebaki tisini na wanne. Themanini na tisa kati yenu mlisema maji ni mabaya. Wanasema hamtoshi."

"Mimi niliyajibu yote arobaini na saba. Kioo cha simu kimepasuka, nikajibu nimekaa kando ya kitanda cha mume wangu hospitalini. La mwisho liliuliza kama dodoso ni refu mno. Unajua niliandika nini?"

Jalila alijua. Lilikuwa mbele yake, kaya namba mia tatu na kumi na nane. "Uliandika, hapana, mradi yupo anayesoma."

"Ukalisoma?"

"Nililisoma."

"Lini?"

"Jumanne."

"Baada ya mimi kupiga simu," Mabrouka akasema.

Jalila akasema ndiyo.