Mstari wa Buluu Ukutani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alikuwa na kazi ambayo wenzake wa mitaa ya juu hawakuijua. Alivuta viroba vya mchanga vilivyoziba mlango, akafagia tope lililopenya chini yake, kisha akachungulia mtaroni kuona kama maji ya bahari yamerudi yalikotoka. Halafu alikwenda kumwamkia bibi yake, ambaye kitanda chake kilikuwa kimeinuliwa juu ya matofali. Bibi alikuwa amepooza miguu. Maji yakija, yeye hana pa kukimbilia.

Jina la Chiriku alipewa na wenzake darasani kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Alisema akila, alisema akifua, na mama yake aliapa kwamba hata usingizini hanyamazi.

Msimu wa mvua uliopita, mvua kubwa na bamvua, yaani bahari inapojaa kupita kawaida, vilikuja siku moja. Maji yaliingia mtaa mzima na kufika usawa wa dirisha. Bibi alipandishwa juu ya meza ya chakula, akakaa hapo mchana kutwa akitetemeka, huku mama na Chiriku wakimshikilia, mmoja huku na mwingine huku.

Baada ya hapo halmashauri ya mji nayo ikaamka. Ikamtuma afisa mipango, mama mmoja mwenye buti za mpira na kopo la rangi, apite nyumba kwa nyumba. Anauliza maji yalifika wapi, kisha anachora mstari wa buluu nje ya ukuta, mahali palepale. Mistari hiyo ndiyo ingeonyesha ni mtaa gani uanze kujengewa tuta la kuzuia bahari. Kazi rahisi, ungedhani. Lakini nani alikwambia watu wa mtaa ule walipenda mambo rahisi?

"Nyumba yenye mstari dirishani nani ataipanga?" mwenye duka aliwauliza majirani. "Mtajiharibia wenyewe. Futeni hizo alama za tope kabla hajafika."

Basi mtaa mzima ukaingiwa na homa ya kupaka chokaa. Na chokaa, kwa taarifa yako, ilikuwa ikiuzwa na mwenye duka huyohuyo. Mama yake Chiriku alikuwa anatafuta mpangaji wa chumba cha mbele, na mshonaji mmoja alikuwa ameahidi kuja kukitazama. Kwa hiyo naye akanunua.

"Lakini mama, maji si yalifika diri..."

"Chiriku, shika brashi."

Afisa alipofika, ukuta ulikuwa bado unachuruzika.

"Hapa maji yalifika wapi, mama?"

"Ah, kwenye kifundo cha mguu tu. Yaliingia, yakatoka."

Afisa akautazama ukuta, kisha akamgeukia mtoto. "Na wewe, mwanangu, unasemaje?"

Mama akamtolea Chiriku macho. "Kifundoni," Chiriku akasema, na tangu azaliwe hajawahi kusema maneno machache kiasi hicho. Afisa akashusha pumzi, akainama, akachora mstari wake pale chini. Angefanyaje? Siku ya mafuriko yeye hakuwepo.

Mtaa wa nyuma, ulio mbali kidogo na bahari, walifanya kinyume. Wao walidhani kuna misaada itagawiwa, kwa hiyo walionyesha juu ya milango, utafikiri siku ile walikuwa wakiogelea na paa vichwani. Huko nako afisa akachora.

Mkutano ulipoitwa katika ukumbi wa shule, ramani ilitundikwa ukutani.

"Tuta litaanza mtaa wa nyuma," afisa alisema. "Mtaa wa mbele utasubiri awamu nyingine, bajeti ikiruhusu. Leo jioni mpango unakwenda kwa mkurugenzi, na akishatia sahihi haubadiliki."

Ukumbi ukachafuka. Wa kwanza kusimama alikuwa mama yake Chiriku. "Sisi ndio tulio karibu na bahari. Mama yangu hawezi kutembea. Mnataka afie majini?"

"Mama, nimechora nilichoambiwa. Kwako maji yalifika kifundoni. Nani anakufa kwa maji ya kifundoni?"

"Wataalamu wa makaratasi hawa," mwenye duka akadakia. "Hawajui lolote kuhusu mtaa wetu."

Chiriku alichoka kusikiliza. Watu aliowaona kwa macho yake wakiwa na brashi mkononi ndio waliomfokea afisa kwamba hajui. Akamfikiria bibi peke yake nyumbani, akasimama.

"Maji yalifika dirishani."

Mama akamvuta gauni. "Kaa chini."

"Nikikaa chini, bibi atazama." Baada ya hapo maneno yalimtoka mfululizo. "Chokaa nilipaka mimi. Kifundoni nilisema mimi, na nilijua ni uongo. Bibi alishinda juu ya meza, na meza yenyewe ilikuwa inataka kuelea. Mkienda kujenga kwingine, safari ijayo tutampandisha wapi?"

"Watoto wa siku hizi wanawasemea wakubwa," mwenye duka alinung'unika.

"Afadhali," afisa akajibu, "maana wakubwa wenyewe hawajaniambia kitu cha maana tangu nianze."

Mama akaliachia gauni la Chiriku. Aliposimama tena, sauti yake ilikuwa ndogo. "Ni kweli. Nilimtuma mimi."

Mwenyekiti wa mtaa akakohoa, akasema kwake yalifika kiunoni. Jirani yao akasema kwake yalibeba hadi sufuria. Mzee mmoja wa mtaa wa nyuma, macho kwenye viatu vyake, akakiri kwamba kwake hayakupita goti. Afisa akaikunja ramani.

"Mpango hauendi leo. Kesho narudi na rangi yangu. Nikimkuta mtu na chokaa, nitaondoka na kopo langu."

Hakumkuta. Mistari ilichorwa upya, ramani ikarekebishwa, na mtaa wa mbele ukawekwa wa kwanza. Mshonaji naye alikuja, akauona mstari dirishani, akauliza tuta litakamilika lini, kisha akakichukua chumba.

Siku malori yalipoanza kumwaga mawe, mama na Chiriku walisimama mlangoni wakitazama.

"Bado umekasirika?" mama aliuliza.

"Kidogo."

"Una haki. Mimi nilijiona nimemdanganya afisa. Kumbe afisa akimaliza kazi anarudi kulala pakavu. Niliyemdanganya ni mama yangu mzazi, yule pale kitandani." Akajifuta uso kwa pembe ya kanga. "Sikiliza, mwanangu. Mtu yeyote akikutuma useme uongo, hata kama ni mimi niliyekuzaa, ukatae."

"Nikatae kwa adabu?"

"Kwa adabu," mama akasema. "Lakini ukatae."