Picha za Venisi Kwenye Grupu la Familia

Mume wangu kakaa kwenye mashua nyembamba nyeusi, katikati ya mfereji, na ubavuni kwake kakaa bibi harusi.

Ndiyo, bibi harusi. Hina mpaka viwikoni, na mkono mmoja uko juu ya goti la Hamdan wangu.

Picha kaituma mama mkwe, kwenye grupu la familia. Chini kaandika: "Venisi, mji wa maji. Wanangu wananistarehesha."

Mimi nilikuwa jikoni kwangu Mabela, hapa Maskati, nakata vitunguu. Nikaendelea kukata. Msiniulize kwa nini sikulia, hata mwenyewe sijui.

Naitwa Zakiya. Hamdan aliniaga anampeleka mamake, Bi Nadra, kwenye meli ya kitalii, wazunguke Ulaya bandari kwa bandari. Mimi ofisini Al Khuwair walininyima likizo, na watoto wana shule. Nikasema nenda, mama ni mama. Kanzu zake nilizipiga pasi mwenyewe, nikazifukiza udi.

Sasa tizameni grupu. Wifi yangu Afra kaandika: "Mashallah, wamependeza."

Binamu Thabit kaleta maua.

Afra tena: "Na Zakiya wetu Mungu amlipe. Moyo kama wake wanawake wachache wanao."

Moyo upi?

Picha zikazidi kuingia. Daraja la mawe, wameegemea wote wawili. Uwanja umejaa njiwa. Bi Nadra katuma na sauti, analalamika: "Nyumba zimeota majini, gari hakuna hata moja, miguu yangu imekwisha." Kisha aiskrimu, na Hamdan anamlisha yule msichana kwa kijiko. Mimi hata tende hajapata kunitia mdomoni.

Mchuzi ukaungua. Nikazima jiko, nikampigia mama mkwe.

"Salaam aleikum, mama."

"Waaleikum salaam, mwanangu. Umeziona picha? Nnatuma nyingi usijione umeachwa."

"Nimeziona. Huyo msichana nani?"

Nilisikia maji yanapiga ukuta.

"Nani tena, Zakiya? Bashayer. Mke mwenzio."

"Mke mwenzangu..."

"Weye si umeridhia? Seti ya dhahabu hakukupa?"

"Alinipa. Alisema zawadi."

"Mwanamme anayetaka kuoa akimpa mkewe dhahabu, ni ya nini? Ya kumtaka radhi. Na weye ukaivaa harusini kwa jirani yetu Ibtihal, watu wote wakaiona. Tukasema alhamdulillah, Zakiya hana kinyongo."

Wapendwa, mila hiyo naijua. Mume kabla ya kuoa humpa mke mkubwa dhahabu, na mke akiivaa mbele za watu basi karidhia, maneno yamekwisha. Nimeiona kwa mama zangu wadogo na kwa majirani. Lakini nani anapewa zawadi na mumewe akaanza kufikiria ukewenza? Nilicheza ngoma nzima na dhahabu ile kifuani. Wanawake walikuwa wananitazama kwa huruma, mimi nikadhani wananionea wivu.

"Ngoja," akasema Bi Nadra, "huyu hapa anataka kukusalimia."

Sikuwahi kukataa.

"Dada Zakiya? Mimi Bashayer." Sauti ya kibinti, ya adabu. "Nilitaka kukushukuru. Baba alikataa kabisa kuniozesha kwa mtu ambaye mkewe hakuridhika. Hamdan akamwapia kwamba umekubali, na dhahabu umeivaa."

"Ehe."

"Lakini leo picha zimeingia tangu asubuhi, wote wameandika, wewe hujaandika neno. Naomba nikuulize mwenyewe, dada... umeridhia?"

Mashosti, ningesema ndiyo ningebaki na sifa za grupu zima na nusu ya mume. Nikisema hapana, sijui nabaki na nini. Nikalipima hilo nimesimama na mwiko mkononi. Moyo haukunienda mbio hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha.

"Sikuridhia. Hakuna aliyeniuliza."

"Hata Hamdan?"

"Hata yeye."

"Ahsante, dada." Akakata simu.

Picha zikakoma. Grupu likapoa.

Alasiri Hamdan akapiga.

"Umemwambia nini Bashayer?"

"Kaniuliza, nikamjibu."

"Kachukua sanduku lake melini, kaenda zake hoteli. Babake anamtuma kaka yake aje kumchukua. Anataka talaka yake. Mama naye kanifungia mlango, hasemi na mimi. Zakiya, umenivunjia nyumba."

"Nyumba ipi?"

Kisha sauti ikalainika, ile sauti ya siku ya kuleta dhahabu.

"Basi yamekwisha, mke wangu. Nnarudi. Sasa tumebaki mimi na wewe."

Alidhani nitafurahi. Na mimi nilisubiri nifurahi, wallahi. Nikasubiri hasira, nikasubiri machozi. Hakuna kilichokuja. Nikajua huyu mtu simtaki tena, na kwamba nimejua muda mrefu.

"Ukirudi, shukia kwa mamako."

"Zakiya, mimi mumeo..."

"Hamdan, nimesema shukia kwa mamako."

Mnaonipigia kunipa pole, ahsanteni, ila pole zenu zimechelewa. Mlikuwepo harusini. Mliiona dhahabu, mkanisomea ridhaa shingoni, mkanisifu moyo wangu mkubwa. Mwanamke akinyamaza, msimjibie. Mwendeeni, muulizeni kwa kinywa chenu, hata kama jibu litawaharibia shughuli. Miye nina mume, wakwe, mawifi na ndugu tele. Katika wote hao aliyeniuliza ni mmoja tu, yule aliyeletwa awe mke mwenzangu.