Mgongo wa Nadège

Jumatatu asubuhi, Alphonsine alipofungua atelie yake ya ushonaji pale mtaa wa Mudzipela, mjini Bunia, aliikuta sanamu ya kupimia nguo imesimama ukutani. Jumamosi alikuwa ameiacha katikati ya chumba, mgongo ukielekea dirishani, kwa sababu mgongo wa gauni ndio aliokuwa akiushughulikia. Sasa mgongo ulikuwa umebanwa ukutani, na kifua kilimtazama yeye. Alidhani amesahau. Akaivuta mpaka mahali pake, akafanya ishara ya msalaba, akaanza kazi.

Gauni lilikuwa la Tina, mwigizaji wa filamu. Filamu yake ilikuwa imechaguliwa kushindania tuzo, na Jumamosi ya wiki hiyo zulia jekundu lingetandikwa mbele ya ukumbi, saa tisa mchana, maana siku hizi Bunia watu hufanya sherehe mapema ili warudi nyumbani kungali na mwanga. Alphonsine alikuwa amepanga kila kitu. Nywele zingefungwa juu. Shingoni pasingevaliwa kitu. Hereni ziwe ndogo, viatu visiwe na pambo. Tina angepiga hatua tatu, asimame, kisha ageuke polepole ili wapiga picha waone mgongo: kitambaa cheupe kilichojaa perle, shanga ndogo, mamia kwa mamia, zilizoshonwa kwa mkono zikawa maua ya viazi, meupe yenye kitovu cha njano, kama yale ya mashamba ya Kpandroma alikozaliwa mama yake Alphonsine.

"Maman Alphonsine, hii mikono ni ya nani?" Tina aliuliza alipoliona. "Weye haushonake hivi."

Alphonsine alimjibu kwamba ni kazi ya zamani.

Ilikuwa kazi ya Nadège, mdogo wake. Kwa miaka miwili, kila Jumapili baada ya misa, Nadège alishona maua yale kwa ajili ya gauni lake la arusi. Mwezi mmoja kabla ya arusi homa ilimshika, na siku ya tatu akafa. Msichana akifa bila kuolewa huvikwa gauni la arusi azikwe nalo, na aliyemvika alikuwa Alphonsine. Mwili uliokakamaa hauingii katika nguo, kwa hiyo wanaovika maiti huipasua nguo mgongoni, huichomeka pembeni, kisha marehemu hulazwa juu yake. Alphonsine hakupasua tu. Aliwaomba kina mama wengine watoke kidogo, akakata kipande chote cha mgongo, akakikunja ndani ya mkoba. Alijiambia ni kumbukumbu. Alijiambia pia kwamba Nadège atalala chali, nani ataona. Tangu siku hiyo, mwaka mzima, hakupokea komunyo bila kukikumbuka kipande kile, na sasa alikuwa amekishona kwenye gauni la Tina.

Jumanne sanamu ilikuwa ukutani tena. Jumatano vilevile. Alhamisi mchana mvua ilinyesha, na Alphonsine, akiwa peke yake mbele ya cherehani, alisikia perle moja ikianguka kwenye simenti, kisha nyingine, kisha nyingine, polepole kama mtu anayehesabu rozari, na alipoinama kuzitafuta hakuona hata moja sakafuni, ila alisikia harufu ya poda ya watoto iliyochanganyika na dawa ya chumba cha maiti, harufu ileile ya mikono yake mwenyewe siku aliyomvika mdogo wake, ikitoka upande wa ukuta ambako sanamu ilikuwa imesimama tena, ingawa yeye alikuwa ameketi asubuhi nzima bila kuondoka, na hakuiona ikisogea.

Alipaswa kusema siku hiyo. Aliendelea kushona.

Ijumaa Tina alikuja kulijaribu gauni. Alipofungwa vifungo alitetemeka kidogo, akanong'ona kwamba mgongoni kuna baridi, kama mtu ameweka mkono. Kisha akacheka. "Kama ni mwanaume, aende kwanza kwa baba yangu na mbuzi."

Alphonsine naye alicheka, macho yake yakiwa chini.

Jumamosi watu walijaa pande zote mbili za zulia. Tina alishuka garini, akapiga hatua tatu, akasimama. Wapiga picha walisubiri. Hakugeuka. Alianza kurudi nyuma, uso ukiwatazama watu, nyayo zikipapasa kama za kipofu, akatoka kwenye zulia, akaingia kwenye vumbi na gauni lake refu, akaendelea kurudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa ukuta wa ukumbi, na hapo akateleza pembeni, mabega yakikwaruza matofali, perle zikikatika moja moja na kuviringika chini, huku watu wakicheka kwa kudhani ni mchezo wa waigizaji. Alphonsine alimfikia. Macho yale hayakuwa ya Tina.

"Yaya," sauti ilimwambia taratibu, "funga mugongo yangu. Watu wanaangalia."

Duniani kulikuwa na mtu mmoja tu aliyewahi kumwita Yaya, yaani dada mkubwa.

Tina alipelekwa kwao Nyakasanza akiwa na homa. Walipomvua gauni, maua ya viazi yalikuwa yamechorwa kwenye ngozi ya mgongo wake, na ngozi hapo ilikuwa baridi, wakati uso uliwaka moto. Vipimo vya malaria havikuonyesha kitu. Hakukubali kulala. Aliketi ameegemea ukuta, na kila aliyejaribu kumsogeza alimsikia akiomba kwa sauti ndogo asiachwe wazi. Mama yake alimwita Mama Gertrude, kiongozi wa kundi la maombi la parokia. Walisali Jumapili nzima. Jumatatu asubuhi midomo ya Tina ilikuwa imepasuka na hakuweza tena kumeza maji. Alphonsine, aliyepiga magoti nyuma ya wote, alihesabu siku. Ilikuwa ya tatu.

Mama Gertrude alifunga kitabu chake cha sala. "Tunaifukuza, haitoke," alisema. "Kuko mutu humu ndani anaishikilia."

Tina alipumua kama kitambaa kinachochanwa.

"Ni miye," Alphonsine alisema. "Nilimukata Nadège mugongo ya kanzu yake ya arusi. Tulimuzika mugongo wazi. Nilisema hakuna mutu ataona."

Mama Gertrude alimgeukia. "Mungu aliona. Na mutoto wa watu, mbele ya Mungu alisimama namna gani?"

Watu wakisema mtu amekufa, husema ameipa dunia mgongo. Alphonsine alielewa, pale kwenye simenti, kwamba mdogo wake hakuwa na mgongo wa kuipa.

Mama Gertrude aliwaeleza kwamba wafu wako kwa Mungu, hawatembei. Hili ni jini, alisema. Jini halina nguo yake, huvaa aibu ya mtu ikiachwa njiani. Aliamuru Alphonsine afumue kipande kile kwa mikono yake, asitumie mkasi. Kisha walipanda pikipiki mpaka makaburini. Alphonsine alichimba kwa jembe mpaka kina cha mkono, akakilaza kipande juu ya mdogo wake, akakifukia, akamwomba msamaha akimwita kwa jina lake kamili, la ubatizo.

Kabla ya adhuhuri homa ya Tina ilishuka. Aliomba chakula, bugari na sombe. Alphonsine alipoingia, Tina alimwita Maman Alphonsine, na alama mgongoni zilikuwa zimefutika.

Mchana huo Alphonsine alirudi atelie. Sanamu haikuwa ukutani. Ilikuwa katikati ya chumba, tupu, na ilikuwa imemgeuzia mgongo. Hakukuwa na harufu yoyote. Alisimama mlangoni, akaita jina la mdogo wake mara moja, akasubiri.

Mama Gertrude amemwambia ni dalili njema: aliyefunikwa haoni haya tena, sasa anaweza kuipa dunia mgongo. Padri naye amemwambia dhambi imeondolewa. Alphonsine anawaamini wote wawili. Lakini kila asubuhi, kabla ya kushona, huigeuza sanamu imtazame usoni, na kila asubuhi inayofuata huikuta imempa mgongo.