Zimwi Lililozuiwa Kukua

Kila siku akitoka shule, Kalamu alifagia kwanza vipande vya vitambaa chini ya meza ya kukatia ya mama yake, fundi cherehani. Akishamaliza, yeye, rafiki yake Twiga na pacha wa nyumba ya pili walitandaza daftari mezani, wakatoa dadu mbili, na safari ikaanza.

Mchezo waliutunga wenyewe. Kila mmoja alikuwa na mhusika wake, aliyekusanya alama, akapanda ngazi na kuongezeka nguvu. Kalamu na pacha walichagua binadamu. Twiga, msichana mrefu kuliko wote darasani, alichagua zimwi. Kanuni aliziandika Kalamu, na jina lake lilitokana na kazi hiyo.

Kulikuwa na kasoro moja. Zimwi lilizaliwa na nguvu zake. Lilikuwa limeshavunja mlango na kumaliza vita wakati mpiga mishale wa Kalamu bado anatafuta mshale. Roho ilimuuma Kalamu. Badala ya kusema, siku moja alipobaki peke yake alichomeka mstari katikati ya kanuni: "Asiye binadamu hapiti ngazi ya tano."

"Hii ilikuwepo tangu mwanzo," alisema kesho yake kwa macho makavu.

Twiga aliinamia daftari. "Mbona wino wake ni mpya?"

"Unaniita mwongo?"

Pacha walitazamana, wakaokota dadu. Wao pia walikuwa binadamu mchezoni, na kanuni iliwafaa.

Basi zimwi likakwama. Wenzake walifika ngazi ya nane, ya kumi, ya kumi na mbili, nalo liko palepale, limegeuzwa mbeba mizigo. Twiga akawa anarusha dadu bila hata kutazama. Siku moja hakuja. Wiki iliyofuata pacha nao waliacha, maana bila zimwi safari zilikosa ladha.

Kalamu alikwenda kwa kina Twiga. "Zimwi lako nimelipatia rungu la fedha!"

"Rungu la nini?" Twiga alijibu, akafunga mlango.

Darasani Twiga alihamia dawati jingine. Kalamu aliendelea kufagia, meza ikawa safi, na hakuna aliyekuja. Alijua mharibifu ni yeye, na hakuona pa kuanzia kutengeneza. Alikata tamaa kabisa.

Jumamosi moja Twiga aliingia na sketi ya shule mkononi.

"Shikamoo, mama. Imekuwa fupi tena."

"Marahaba, mwanangu. Unarefuka wewe! Lete niishushe."

Mama aliigeuza sketi, akafumua pindo kwa wembe. Lilikuwa pana, vidole vinne vizima, na alilikunja mwenyewe mwaka uliopita. Sketi ikashuka hadi chini ya magoti.

"Afadhali sketi," Twiga alisema taratibu. "Zimwi langu halikuachiwa pindo."

"Zimwi gani?" mama aliuliza.

Kalamu, aliyekuwa akifagia, aliweka ufagio chini. "Mama, nilikuwa nashindwa. Nikaandika kanuni ya kulizuia zimwi lake lisikue, nikasema ni ya zamani. Nilidanganya." Machozi yakamtoka.

Mama aliweka wembe chini. "Na zimwi lilikuwa na nguvu kupita kiasi?"

"Mwanzoni, ndiyo," Twiga alikiri.

"Basi malalamiko yako, Kalamu, yalikuwa ya haki. Ungeyasema, mngepima pamoja. Wapo watoto wanaorefuka haraka, wapo wa polepole. Wote nawaachia pindo. Sijawahi kushona nguo ya kumkataza mtoto kukua."

Walikaa mezani, wakapima. Binadamu atapanda kwa alama kumi, zimwi kwa ishirini, na hakuna atakayewekewa kikomo. Kalamu aliukata ule mstari, akaandika pembeni: "Huu ulikuwa uongo wangu."

Twiga alilichukua daftari, akalibana kwapani. "Jumatatu nitakuja. Lakini hili litakaa kwangu."

Alipoondoka, Kalamu alimgeukia mama yake. "Mama, tutakuwa marafiki kama zamani?"

"Sijui, mwanangu. Mchezo mmeutengeneza kwa saa moja, kwa sababu umesema kweli. Kuaminiwa tena hakutakuja hivyo. Sasa wewe ndiwe zimwi: kila ngazi utailipia mara mbili ya wenzako. Na usithubutu kugusa kanuni."

Kalamu alifuta macho, akachukua ufagio.