Siku Kijiji Kizima Kilininyima Chai

"Anakuja huko kwako sasa hivi. Ficha! Ficha haraka!"

Hiyo ilikuwa sauti ya Jerusa, rafiki yangu tangu tukiwa wasichana. Alikuwa jikoni kwake, simu kwa sikio. Hakujua nimerudi kuchukua leso niliyosahau kwa kiti.

Nikasimama pale kama nguzo ya stima.

Anayekuja ni nani? Ni mimi! Nilikuwa nimemwambia naelekea kwa jirani yetu Rebeccah.

Na hapo ndipo nikakumbuka... Jerusa leo hakuwa amenipa chai. Maji tu!

Wasomaji wangu, mnaniita Mama Gordon, mzee wa huku juu ya Roret, Kericho. Shule nilisoma ya msingi tu, lakini masikio yangu yana digrii. Nikatoka polepole bila leso.

Niwaeleze shida yangu. Goti langu la kulia limekwisha. Daktari alisema linataka oparesheni, lakini kwanza nipunguze uzito. Nikaacha ugali wa usiku. Nikala sukuma kama mbuzi. Kila asubuhi nikashika fimbo, nikatembea vile aliniambia.

Niliporudi kupimwa... mizani ikapanda!

"Mama," daktari akasema, "mwezi ujao ukija hivi, nafasi yako nampa mwingine. Na hilo goti likiendelea kungoja, utakalia kiti cha magurudumu."

Kiti! Mimi! Na majani yangu ya chai yachunwe na nani?

Nikajua tu kuna mkono wa mtu. Sukuma haiwezi kunenepesha mtu hivi.

Basi nikafika kwa Rebeccah. Kukanyaga uwanja tu, nikasikia sufuria ikifunikwa, paa! Nyumba yote inanukia chai.

"Karibu, Mama Gordon. Nikupe maji?"

"Maji?"

"Ni safi..."

Huku kwetu, mtu akitoka kwako mdomo mkavu, umemwambia asirudi. Mwenye hunyimwa chai na kila boma ni mwizi ama mchawi. Mimi sijaiba. Na mwanamke mzee akishaitwa mchawi... nyinyi mnajua yenye hufuata.

"Rebeccah, uniambie ukweli. Mnasema mimi ni mchawi?"

"Uii! Mchawi tena?" Akashika mdomo. "Aki sio sisi. Ni Nelvine."

"Nelvine gani?"

"Wako! Bibi ya mwanao Gordon. Alipita kila boma akituomba tusikupe chai."

Nelvine! Msichana niliyemtetea siku ukoo mzima ulimkataza Gordon asioe mtu wa kabila lingine, Mkipsigis!

Nilimkuta akikamua ng'ombe.

"Nelvine! Nimekukosea nini?"

"Mama, pole. Umesikia..."

"Unataka goti langu lioze ndio ubaki na shamba?"

Akasimama, ndoo mkononi. Hakuangalia chini.

"Mama, nilikufuata siku moja."

"Ati ulinifuata?"

"Unatembea vizuri sana. Lakini unapumzika kwa kila nyumba. Kwa Jerusa, kikombe na mandazi. Kwa Rebeccah, kikombe na mkate. Kwa mama mchungaji ulikunywa ukaongezwa. Sukari yote hiyo, mama! Halafu ukirudi hapa unakula sukuma na kusema mizani ya daktari imeharibika."

"Sasa nikatae chai ya watu? Nina wazimu?"

"Ndio maana niliwaambia wao. Nilijua wewe hutaweza."

Hutaweza! Hilo neno liliniwasha kama upupu.

Mnadhani kesho yake nilitii? Thubutu! Niligeuza njia. Nikateremka upande ule mwingine, kwa Kemuma, mama aliyehamia huku juzi. Nelvine hana namba yake.

Kemuma akanijazia kikombe kikubwa. Maziwa mazito. Sukari, karibu kijiko kisimame. Tukanywa wote wawili. Nikatoka nikicheka peke yangu.

Kicheko kiliisha kwenye mlima.

Goti lilikataa. Nikaanguka katikati ya shamba la chai, na mvua ya mawe ikaanza. Nikapiga simu.

"Nelvine... siwezi kuamka."

Akaja mbio na Jerusa. Wakanishika makwapa.

"Inua!"

Sikuinuka.

"Tena, inua!"

Jerusa akateleza, akaanguka matopeni. Mawe yanawapiga kichwani, na hakuna aliyeniachilia. Nelvine alikuwa anavuta huku analia.

Hapo ndipo niliuona uzito wangu. Sio kwa mizani. Niliuona kwa mishipa ya shingo ya huyo msichana.

Mwishowe walinigeuza kama gunia la majani, nikashika shina la chai, nikasimama. Nelvine hakunigombeza njia nzima. Afadhali angenitukana!

Goti lilipotulia, nilirudi kwa Kemuma peke yangu. Akamimina chai.

"Asante, mama. Leo sitakunywa."

Mkono wake ukasimama hewani.

"Kwa nini?"

"Sitakunywa tu..."

"Umeambiwa naweka sumu?"

"La!"

"Basi umeona nini kwa nyumba yangu? Juzi ulikunywa!"

Macho yake yalikuwa yamebadilika kabisa. Wasomaji, kidogo tu nishike kikombe nimalize hiyo aibu.

"Kemuma, ni goti. Daktari alisema nikiongeza uzito, nakosa oparesheni. Hii sukari ndiyo inanikalisha kwa kiti cha magurudumu."

Akaangalia kikombe chake mwenyewe, akakisukuma mbali. Halafu akaanza kucheka, na machozi yakamtoka.

"Mama... mimi ni mgonjwa wa sukari."

"Unasema?!"

"Nilikatazwa hii chai zamani. Lakini mgeni akija, nitamwacha anywe peke yake? Nakunywa na kila mtu anayeingia!"

Kumbe! Mimi nakunywa nisimwaibishe yeye, na yeye anakunywa asiniaibishe mimi. Tulikuwa tunauana kwa adabu!

Tangu siku hiyo nikifika kwa mtu, nasema mapema nikiwa mlangoni, kwa mdomo wangu mwenyewe. Wengine walinuna. Wakazoea.

Mwezi ulipoisha nilipanda mizani nimefunga macho.

"Fungua, mama," daktari akasema.

Imeshuka! Nikapewa tarehe ya oparesheni. Nelvine alipiga kelele mpaka muuguzi akamtoa nje.

Funzo langu ni hili. Nelvine angefungia chai ya Kericho yote, ningeenda Bomet. Angefunga Bomet, ningevuka hadi Kisii. Hakuna mtu anaweza kukulindia mdomo. Ni wako, simama mlangoni pake mwenyewe.

Na wewe unayesoma hii na andazi mkononi, sijakutaja jina.

Lakini nimekuona.