Hodi Moja Katikati ya Mhadhara

Hodi ilibishwa mara moja, katikati ya mhadhara, na Steinvör akadhani imetoka kwenye kompyuta.

Alikuwa jikoni kwake, katika mji wa Ísafjörður, kaskazini ya mbali, saa kumi alasiri, na nje giza lilishatanda kwa kuwa jua lilikuwa halijavuka mlima tangu Novemba. Mkuu wa shule alitaka walimu wa biolojia wajue kufundisha kwa akili mnemba, na kujua kwenyewe kulikuwa kutazama mihadhara iliyorekodiwa ya profesa mmoja mwenye sauti ya kubembelezea watoto. Aliirudisha video nyuma. Profesa alieleza jinsi mashine inavyosoma vinasaba, akakohoa, akaendelea. Hodi haikuwemo.

Usingizi ukamshika ghafla, kope zikawa nzito.

"Unasinzia," alisema mama yake, Bergljót, aliyekuwa akifuma soksi dirishani. "Kuna mtu anakuja."

Wazee wa huko husema kivuli cha mgeni humtangulia na kuwalaza wenyeji.

"Mama, huyu profesa angelaza hata farasi. Tusimsingizie mgeni."

"Na hiyo hodi?"

"Kumbe na wewe umeisikia?"

"Moja tu. Binadamu hubisha tatu." Bergljót aliacha kufuma. "Ulikuwa unafanya nini na hiyo mashine?"

Steinvör akamweleza. Zoezi lilimtaka kila mwalimu atumie data za mwili wake mwenyewe, basi yeye na bintiye Una, mtoto wa miaka sita, walitema mate kwenye vichupa, maabara ikaleta majibu, naye akailisha mashine. Mashine ikamchorea ukoo.

"Ila imekosea," alisema akicheka. "Eti wewe si mtoto wa babu Ketill. Eti ni wa kina Ormur wa kule kaskazini."

Soksi ilimwanguka bibi.

"Haijakosea," alinong'ona. "Sogea hapa, na usipaze sauti."

Zamani, alisema, babu mmoja wa kina Ormur aligongewa mlango na baharia aliyeokoka meli ilipozama. Tufani ilikuwa kali, chakula kidogo. Hakufungua. Asubuhi walimkuta mtu yule kizingitini, amelowa, amekufa, na tangu hapo akawa jini la ukoo ule, analiandama kila tumbo, yaani kila kizazi, mpaka la tisa.

"Linatutafuta kwa majina. Ndiyo maana mama yangu alidanganya, nikaitwa binti wa Ketill. Nimezeekea ndani ya uongo huo, salama salimini. Sasa wewe umeliwashia taa."

"Mama, hayo ni mambo ya..."

"Mimi ni wa saba. Hesabu mwenyewe."

Steinvör alihesabu. Una alikuwa wa tisa.

"Wa tisa haliishii kumfuata," bibi alisema. "Linaondoka naye."

Ndipo harufu ikaja, harufu ya sufu iliyolowa maji ya chumvi, ikitokea ukumbini ambako hakukuwa na nguo yoyote iliyoanikwa, na Steinvör akakimbia, miguu ikiteleza kwenye maji yaliyotapakaa sakafuni kama ya mtu aliyetoka kuoga, huku nyuma yake profesa akiendelea kueleza taratibu kwamba mashine ikishaujua mfululizo wa vinasaba haihitaji tena kuambiwa jina, mpaka akaufikia mlango wa chumba cha mtoto, akausukuma, akamkuta Una amelala fofofo katikati ya midoli yake, nywele zikimchuruzika maji, na kando yake zulia limebonyea mahali ambapo hapakuwa na mtu.

Bibi alimpita. Alikuwa amevaa koti.

"Mimi ni Bergljót binti wa Ormur," alisema. "Mlango tuliokufungia naufungua mimi. Mwache mtoto. Twende zetu."

Aliufungua mlango wa mbele, akaushikilia kama mtu anayempisha mwenzake, kisha akatoka. Harufu ikatoka pamoja naye. Una akapiga chafya, akauliza kama kuna biskuti.

Jioni bibi alipiga simu kutoka kwake, ng'ambo ya barabara. "Limekaa kwenye kiti cha marehemu babako. Halisemi kitu, nafuu kuliko yeye. Msije huku. Siku ya jua, litakapovuka tena mlima, nitakuja kula chapati za maji kama kawaida. Wewe futa hayo madude."

Steinvör alifuta kila kitu usiku ule ule. Mashine ikamjibu kwa adabu: *Data zako zimeondolewa. Nilichojifunza kutokana nazo kinabaki.* Aliifunga kompyuta akalia, kwa hasira na kwa woga.

Siku ya jua ikafika. Mwanga ulivuka mlima, ukaangukia meza, na mji mzima ukawa unakaanga chapati. Steinvör alizipanga zilizokunjwa na sukari, akatenga sahani ya bibi, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile akajisikia mwepesi. Hata akaimba.

Kisha kope zikawa nzito.

Hodi ilibishwa, moja.

"Una, usifungue," alisema, lakini mtoto alikuwa ameshafika mlangoni, ameshashika komeo, pua ameibandika kwenye kioo.

"Ni bibi tu, mama," alisema Una akipiga mwayo. "Ila mbona kalowa hivyo, na nje kuna jua?"