Diski ya Zamani

Floribert, mutoto wa jirani yangu wa Bagira, aliniapia kisa hiki, naye hata uongo hajui kuupanga. Fundi Djafari alimubadilishia diski ya freni ya mbele ya pikipiki yake.

"Papa, hii ya zamani imekwisha, iko kama wembe. Tupa!"

Floribert hakutupa. Alimupa shemeji yake Gentil, naye Gentil akaifunga kwenye pikipiki yake mwenyewe na kushuka Mumosho.

"Itakufikisha," Floribert alimwambia.

Magharibi ya siku ile, umeme umekatika, Floribert akasikia ile freni inalia kwenye muteremuko, vile ilimuliliaga miaka yote. Ililia bila sauti ya motere, ikanyamaza mulangoni.

"Shemeji, ingia basi, ao unangoja kubebwa?"

Akafungua mulango. Hakukuwa na pikipiki wala Gentil. Diski ilikuwa kwenye kizingiti. Alipoiokota, ikamuunguza vidole kama imetoka kufunga freni sasa hivi; akajua Gentil hakufika.